Kula Dodoma kwa saa yake: mwongozo wa mgeni, kuanzia supu ya alfajiri hadi chipsi za usiku

Agiza supu Dodoma saa tisa alasiri, utaletewa. Itakuwa ya moto, itakuwa na chumvi, na mfupa utakuwemo. Lakini mfupa huo ulikwisha kutoa utamu wake tangu saa mbili asubuhi, na sufuria imeongezwa maji mara tatu. Mgeni ataondoka akisema mji huu hauna supu, kumbe ameikosa kwa saa saba tu.

Hilo ndilo la kwanza kulishika: Dodoma kila chakula kina saa yake, na vingine vina siku yake. Wapishi wengi wa vibandani na barabarani hawana friji. Wananunua sokoni asubuhi kiasi cha siku hiyo, wanapika sufuria moja ya kila kitu, wanauza mpaka iishe. Ukifika sufuria ndiyo inateremshwa jikoni, unapata utamu na usalama kwa mkupuo mmoja, maana vijidudu havina pa kukaa kwenye kitu kinachochemka. Ukifika saa tatu baadaye, chakula kilekile kimepoa kwenye joto la mchana, na hapo ndipo matumbo ya wageni yanapoharibika. Kwa hiyo usiulize tu wapi pa kula. Uliza pia ni saa ngapi.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, wengi wanakuja kwa siku mbili tu. Siku mbili zinatosha kabisa, mradi moja iwe Jumamosi. Sababu utaikuta mbele. Ukija kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti linakuwa limeketi. Mji unajaa, na mezani mchana watu wanasubiriana. Kipindi hicho wahi nusu saa kabla ya saa zilizotajwa humu.

Vya kubeba na namna ya kuingia

Beba noti ndogo, za 1,000 na 2,000. Mama anayekaanga maandazi ukimpa noti ya 10,000 saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ataacha karai aende kutafuta chenji, na maandazi ya wenzako yataungua. Vibanda vingi vina lipa namba iliyobandikwa ukutani au kwenye kabati la kioo. Soma vizuri jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, kwa sababu karatasi hizo huchakaa na tarakimu hufutika.

Beba pia chombo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mfuko mbadala hauwezi mchuzi. Chombo chako kitakufaa hasa siku ya nyama na siku ya zabibu.

Maji ya bomba sehemu nyingi za mji yana ladha ya chumvichumvi, kwani Dodoma imetegemea kwa miaka mingi maji ya visima, vikiwemo vile vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Usidhani mpishi amezidisha chumvi kwenye chai. Ya kunywa nunua ya chupa, na sikiliza kizibo kikikatika unapofungua. Hewa ya hapa ni kavu mno: unatoka jasho bila kuliona, na kichwa kinachouma mchana mara nyingi ni kiu. Lita mbili na nusu kwa siku si nyingi.

Kuhusu salamu, usianze na bei. Kwa mama wa makamo ni "Shikamoo mama," akishaitikia "Marahaba, karibu mwanangu" ndipo unauliza, "Leo kuna mboga gani?" Kwa kijana wa chipsi ni "Kaka, mambo vipi?" Sema "naomba," si "nataka." Ukimsalimia mzee wa Kigogo, kabila la wenyeji wa hapa, "Mbukwa," au "Mbukwenyi" kama wapo wengi, utaona uso unavyofunguka. Hutapunguziwa bei, ila utaambiwa ukweli kuhusu kilichobaki ndani ya sufuria, na ukweli huo una thamani kuliko punguzo.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi: supu

Supu ni ya mbuzi, ya ng'ombe, ya utumbo au ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Makongoro huwekwa jikoni jioni, yakachemka kwa moto mdogo usiku kucha mpaka gozi lilainike na supu ianze kunata kwenye midomo. Hiyo ndiyo alama ya supu ya kweli: ukipangusa mdomo, vidole vinashikana kidogo. Alama ya pili ni mafuta kuelea kwa vijiduara vidogo vinavyong'aa. Supu iliyoongezwa maji ina vijiduara vichache vikubwa, na rangi yake ni kama maji ya kuoshea mchele.

Zunguka maeneo ya Majengo, Sabasaba au stendi kuu ya Nzuguni, ambako watu wanaanza kazi mapema. Angalia kibanda chenye madereva wa bodaboda na wapakuzi wa mizigo, kwa kuwa hao wanakula hapo kila siku na hawadanganyiki. Agiza bakuli moja na chapati mbili. Kamua ndimu mwishoni, baada ya kuionja supu kwanza, maana ndimu ikitangulia huficha kila kasoro. Pilipili ya kusaga iliyokaa wazi mezani iache. Omba mbichi ukate mwenyewe.

Anayeona supu ni nzito mno kwa asubuhi atapata chai ya maziwa kwa maandazi, vitumbua au mihogo ya kukaanga. Kitumbua kizuri kina kingo kavu na tumbo laini. Kikibonyea na kubaki hivyo, ni cha jana kilichopashwa.

Saa sita hadi saa nane mchana: kwa mama ntilie

Hapa ndipo pana mlo mkuu. Ugali au wali, maharage, mboga ya majani, na kitoweo kimoja: nyama, samaki, dagaa au kuku. Utawakuta mama ntilie karibu na kila mahali penye kazi: pembeni mwa masoko, kwenye ujenzi, jirani na Mji wa Serikali kule Mtumba, na Ng'ong'ona ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanahitaji sahani iliyojaa kwa fedha kidogo.

Chagua kibanda kwa macho kabla hujakaa. Tazama mambo manne. Maji ya kunawa yawe ya kutiririka, kwenye ndoo yenye koki, na sabuni iwepo. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mkono ni la kukimbia. Vyombo vioshwe kwa maji mawili, ya sabuni na ya kusuuza, na yale ya kusuuza yasiwe yamegeuka rangi. Mtu anayepokea fedha asiwe ndiye anayepakua kwa mkono. Kama ni mmoja, angalau atumie mwiko na upawa. Na masufuria yawe na mfuniko na moto chini yake. Hili la mwisho lina uzito kuliko mengine matatu. Meza yenye vumbi Dodoma ni jambo la kawaida, hasa miezi ya upepo katikati ya mwaka, na haiumizi mtu. Wali uliopoa ndio unaoumiza.

Wali unahitaji maelezo. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu huamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali uliopashwa vizuri ukafuka mvuke, na bado akatapika baada ya saa mbili au tatu. Mchana wa saa sita wali ni salama. Saa kumi na moja jioni, kwenye kibanda kisicho na friji, kula ugali, kwa sababu ugali husongwa upya.

Jinsi ya kuagiza bila kujuta: uliza bei ya sahani nzima pamoja na kitoweo kabla haijapakuliwa. Maharage na mboga kwa kawaida vimo ndani ya bei, lakini kipande cha pili cha nyama hakimo. Omba kwa kutaja kiasi, "Mama naomba ugali mdogo, mboga iwe nyingi," kwa sababu sahani ya kawaida imepimwa kwa mtu aliyebeba zege tangu asubuhi. Kubakiza nusu ya sahani kunamvunja moyo aliyepika.

Ugali wa mtama na mlenda

Ukiondoka Dodoma hujala hiki, umekula vyakula vya Tanzania nzima ila cha hapa. Ugogo ni nchi ya mvua chache, msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mahindi hukauka upesi. Uwele na mtama huvumilia. Ugali wake ni wa kijivu au kahawia, mzito, una harufu ya nafaka iliyokaangwa, na unakaa tumboni mpaka jioni.

Shida ni kwamba vibanda vingi vya mjini vinapika sembe. Ugali wa mtama au wa uwele inabidi uuombe mapema. Pita saa nne asubuhi, msalimie mama, mwambie mko wangapi na mtarudi saa ngapi, acha kianzio kidogo. Ukifanya hivyo asubuhi, mchana utaukuta. Ukija saa saba kuuliza, utaambiwa "umeisha," hata kama haukupikwa.

Tonge la kwanza litafune taratibu. Nafaka iliyopigwa chini kwenye ardhi huwa na chembe za mchanga, na jino linaweza kupasuka. Ukikuta uchungu kidogo kwenye mtama mwekundu, hiyo si kuharibika. Ni asili ya ganda lake, ambalo ndilo linalofanya ndege wasiupende.

Mlenda nao ni wa aina mbili. Wakati wa mvua kuna majani mabichi ya porini. Kiangazi unatumika mlenda mkavu, majani yaliyoanikwa na kutwangwa yakawa unga wa kijani uliofifia. Watu wengi husifu ule mbichi. Mlenda mkavu una ladha ya kina zaidi, na kwa mgeni ndio wa kuanza nao, kwa sababu huwa hauvutiki sana.

Unga huo unauzwa Majengo na kwenye soko la Job Ndugai, jirani na stendi kuu ya Nzuguni, kwa hiyo unaweza kuupeleka nyumbani. Kwa watu wanne: chemsha vikombe viwili vya maji, tia magadi robo kijiko cha chai, kisha nyanya mbili zilizokatwa ndogo. Nyanya zikishavunjika, nyunyiza unga wa mlenda vijiko vitatu vya chakula, kidogo kidogo, huku ukipekecha kwa upekecho. Weka karanga zilizosagwa vijiko vinne, punguza moto, acha ichemke dakika kumi. Chumvi mwisho, maana magadi yenyewe yana chumvichumvi. Usifunike sufuria, mlenda hufura na kumwagika kama maziwa. Ukizidisha magadi unapata ladha ya sabuni na tumbo la kunguruma, na hakuna dawa yake ila kupika upya. Ukimwaga unga wote kwa mara moja unapata mabonge makavu katikati.

Na kuula kuna ufundi. Mega tonge dogo, kama ukubwa wa ndimu, lifinyange kiganjani, libonyeze kwa dole gumba lipate kishimo. Chota mlenda kwa kile kishimo, inua mkono kidogo tu juu ya bakuli, kisha zungusha kifundo cha mkono kama mtu anayefunga koki. Uzi unakatika, ndipo unapeleka mdomoni. Wageni huinua tonge moja kwa moja hadi mdomoni, na uzi unawafuata mpaka kwenye shati. Mara tatu za kwanza utachafuka. Ya nne mkono unakuwa umejua.

Pembeni omba maziwa mgando. Uchachu wake unakata ule uzito wa ugali. Mgando mzuri umeganda mzima, unakatika kwa kijiko, na maji yake yamejitenga kidogo tu. Ukiona povu juu, au harufu kali ya kupanda puani, rudisha.

Jumamosi: mnada wa Msalato

Sasa ile sababu ya Jumamosi. Msalato uko kaskazini mwa mji, njia ya kwenda Kondoa na Arusha, na mnada wa mifugo hufanyika pale kila Jumamosi. Wafugaji wanaleta ng'ombe, mbuzi na kondoo, wafanyabiashara wanaleta nguo na vyombo, na watu wa mji wanakuja kula nyama. Nyama choma ya hapa ina sifa kubwa mjini, na inastahili, kwa kuwa mnyama alikuwa akitembea asubuhi hiyo hiyo.

Panda daladala au bajaji, fika kati ya saa tano na saa sita. Kabla ya hapo moto haujashika. Baada ya saa tisa vipande vizuri vimekwisha na unapewa shingo. Kisha nenda hivi:

1. Pita kwenye mabucha yote mara moja bila kununua. Tafuta mzoga wenye mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ya waridi yenye mfupa mwembamba ni ya mbuzi mdogo, italainika. Nyekundu iliyokoza yenye mfupa mnene ni ya mbuzi aliyekomaa. Hiyo ni ya supu, kwenye moto itakushinda kutafuna.

2. Chagua kipande. Mbavu zina mafuta, zinaiva upesi. Paja lina nyama nyingi lakini hukauka mchomaji akisahau. Mkono ni wa katikati, na kwa watu watatu ndio wa kuchukua.

3. Uliza, "Kaka, kilo hii ni ya mbichi au ya iliyoiva?" Swali hili moja huzuia ugomvi mwingi wa mnadani. Mbichi yenye mifupa ikichomwa hupungua kwa robo hadi theluthi, kwa hiyo kilo moja inarudi ikiwa na gramu mia saba hivi. Wageni hudhani wameibiwa kumbe ni maji na mafuta yaliyodondokea motoni. Tazama mshale wa mzani uko sifuri kabla nyama haijapanda. Watu wawili kilo moja mbichi inawatosha pamoja na ugali au ndizi za kuchoma.

4. Uliza kama kuchoma kumo kwenye bei au ni ya pembeni. Muone mchomaji kwa sura, mwambie jina lako, na kaa mahali unapoiona nyama yako. Si kwa kumshuku. Siku ya mnada ana vipande arobaini mbele yake, na vyote vikishaiva vinafanana.

5. Subiri. Nyama ya mbuzi yenye mfupa inataka dakika 45 hadi saa nzima, juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Wengine hutandaza juu ya wavu, wengine huchomeka vipande kwenye vijiti pembeni ya moto, na njia hii ya vijiti inaiva polepole zaidi lakini haina masizi. Ukimharakisha mchomaji ataongeza kuni, na utapata nyama nyeusi nje, mbichi kwenye mfupa.

Ikija ubaoni, kata penye unene kando ya mfupa. Maji yakitoka mekundu, irudi motoni dakika kumi, na hakuna atakayenuna. Chumvi na pilipili vinatosha. Kachumbari siku ya mnada iangalie kwa makini, vumbi la ng'ombe mia kadhaa linatua mahali fulani; kama imekatwa mbele yako, kula, kama ilikuwa kwenye beseni wazi, iache. Anza safari ya kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, usafiri hupungua giza likiingia.

Kwa Waislamu: mbuzi na ng'ombe wa mnadani na mabuchani kwa kawaida huchinjwa na Muislamu, na kuuliza "Amechinja nani?" si matusi kwa mtu. Lakini kitimoto, nyama ya nguruwe, hupendwa sana Dodoma, na baadhi ya baa huchoma vyote. Pale uliza kama wavu, visu na mafuta ya kukaangia ni tofauti.

Kuku

Kanda ya kati ni nchi ya kuku wa kienyeji, na Singida ndiyo yenye jina kubwa. Mjini Dodoma watu watakutajia Chako ni Chako, mahali pa kula kuku, na hawakosei. Ukiwa popote, jifunze kumtambua mwenyewe, kwa sababu siku hizi chotara, anayekua haraka, huuzwa kwa bei ya kienyeji. Kuku wa kienyeji ana paja jembamba lenye nyama iliyokoza rangi, ngozi nyembamba, na mfupa mgumu usiovunjika kwa meno. Mfupa ukisagika kama biskuti, huyo ni wa kisasa.

Kipimo kingine ni saa. Kienyeji mzima anataka saa moja na nusu kuchemka kabla ya kuchomwa au kukaangwa. Kwa hiyo piga simu au pita uagize mapema. Akiletwa ndani ya dakika kumi na tano na ni mlaini, ama alichemshwa tangu asubuhi ama si kienyeji. Kuchemshwa mapema si kosa, mradi alikaa kwenye supu yake ya moto, siyo kwenye sinia kabatini.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni: chipsi na mishkaki

Jioni mji unapoa, Juni na Julai unahitaji hata sweta, na majiko ya chipsi yanawashwa. Kitu cha kuagiza ni chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege. Viazi vimekwisha kukaangwa nusu, viko kwenye kabati la kioo. Muuzaji anavirudisha kwenye mafuta ya moto mpaka viwe na ganda, anavihamishia kwenye kikaango, anamwaga mayai mawili yaliyopigwa, anageuza kwa sahani. Dakika tano au sita.

Kinachoharibika ni vitu viwili. Akiruka hatua ya kurudisha viazi kwenye mafuta, akaweka vile vya kabatini moja kwa moja, unapata viazi baridi ndani ya yai la moto. Mwambie, "Kaka, zichome kwanza zikauke." Na mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi unaowasha macho, yametumika siku nyingi, nenda jiko linalofuata. Mafuta ya alizeti ya kanda hii yakiwa mapya yana rangi ya dhahabu na harufu ya mbegu iliyokaangwa.

Mishkaki agiza iliyo bado mbichi, uione ikichomwa. Ile iliyopangwa kando ya jiko ikisubiri wateja imeiva, imepoa, na itapashwa tu. Angalia asiirudishe kwenye sinia lilelile lililobeba nyama mbichi.

Karanga za kuchoma zinauzwa kila kona. Chembe yenye uchungu, iliyosinyaa au yenye ukungu iteme, na usimalize pakiti. Huo uchungu ni dalili ya kuvu inayotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kuchoma hakuiondoi.

Zabibu, ubuyu na vya kunywa

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziwezi. Nunua shada ambalo kikonyo chake bado kijani. Kikiwa kahawia na kikavu, limekaa siku kadhaa. Inua lililo chini ya beseni uone kama limelowa. Ule unga mweupe laini unaofutika sawasawa kwa kidole ni wa asili. Madoa meupe kama matone yaliyokauka ni mabaki ya dawa ya kunyunyizia. Loweka dakika kumi kwenye maji safi yenye chumvi, suuza mara mbili. Zina mbegu, na ndivyo zilivyo.

Mvinyo nunua wenye lebo na kizibo kilichofungwa. Chimpumu, pombe ya nafaka ya Wagogo, inapatikana vilabuni vijijini na ni sehemu ya ukarimu wa huku, ila imetengenezwa kwa maji ya pale, kwa hiyo onja kidogo. Gongo usiguse: ni haramu kisheria, na pombe ya kukenekwa kienyeji inaweza kupofusha macho.

Juisi ya ubuyu na ya ukwaju uliza, "Maji yamechemshwa?" Barafu nayo ni maji.

Tumbo likichafuka

Nunua pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini siku unayofika, duka lolote la dawa wanazo. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, unakunywa kidogo kidogo kila baada ya kuharisha. Zikikosekana: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ukiharisha maji meupe kama ya mchele, ukiona damu, au homa ikipanda, usingoje asubuhi. Nenda kituo cha afya. Msimu wa mvua kipindupindu hujitokeza nchini, na kinamaliza maji ya mwili kwa saa chache.

Ukiendelea na safari

Njia ya Iringa inapita Mtera, kwenye bwawa, ambako samaki wanauzwa pembeni mwa barabara. Perege wa kukaangwa chukua wale wanaotoka karaini mbele yako, jicho likiwa zima na nyama ikiachia mfupa. Waliokauka nunua wepesi na wagumu. Akikunjika bila kuvunjika, bado ana maji ndani na ataoza kabla hujafika.

Njia ya Singida inapita Bahi, kwenye mashamba ya mpunga, halafu Manyoni, hadi Singida yenyewe, na kote huko utauziwa kuku, vitunguu, asali na mafuta ya alizeti. Asali isiyotiwa maji ukiinamisha chupa kiputo cha hewa hupanda polepole. Kuku hai wa kusafiri naye mpe maji kabla ya kupanda basi, usimpe chakula, mfunge miguu kwa kitambaa badala ya kamba ya plastiki, na mwambie utingo mapema, kwa sababu mabasi mengine hayamruhusu kukaa ndani na nafasi ya buti yenye hewa huwa ni moja tu.